Kutoka Nansio hadi Wodi za Bugando: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Udaktari Aliyekulia Visiwani

Mwongozo huu umekusudiwa kwa kijana wa mji wa Nansio, au wa kijiji chochote cha kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria na visiwa vinavyokizunguka, ambaye amepata au anatarajia kupata nafasi ya kusomea Shahada ya Udaktari wa Binadamu, na ambaye kwa sababu hiyo atalazimika kuishi jijini kwa miaka isiyopungua mitano. Mazoea ya walimu na wazazi ni kumwona kijana wa namna hii kama mtu anayekwenda kujazwa yale aliyoyakosa: maabara, vitabu, umeme usiokatika, Kiingereza chepesi. Mapungufu hayo yapo na hayafai kufichwa. Hata hivyo, hoja inayoongoza kurasa hizi ni kwamba malezi ya ufukweni ni sehemu ya maarifa ya tiba ambayo chuo hakiwezi kuyafundisha kikamilifu, na kwamba mwanafunzi anayejipanga vizuri katika makazi, fedha na masomo ndiye anayeyapa maarifa hayo nafasi ya kumsaidia mgonjwa.

Kuchagua chuo na kukamilisha nyaraka

Njia iliyozoeleka ya kuingia katika shahada hii ni tahasusi ya fizikia, kemia na baiolojia katika kidato cha tano na cha sita, ingawa wenye stashahada ya utabibu, yaani matabibu waliokwisha kufanya kazi katika vituo vya afya na zahanati, nao hupokelewa iwapo wametimiza vigezo. Viwango vya chini vya ufaulu hutangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania katika mwongozo wake wa udahili, na kwa kuwa hubadilika, inafaa kusoma mwongozo wa mwaka husika badala ya kutegemea maneno ya waliotangulia.

Kwa mtu wa Ukerewe, uchaguzi halisi huwa kati ya Mwanza na Dar es Salaam. Jijini Mwanza kipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, ambacho zamani kilikuwa chuo kikuu kishiriki na sasa kinafahamika kwa kifupi kama CUHAS. Kilianza kufundisha mwaka 2003 katika kilima cha Bugando, kando ya hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Chuo cha Dar es Salaam kina mizizi mirefu zaidi: shule ya udaktari ilianzishwa hapo mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, wakati Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo wachache mno, na baada ya kupita katika majina kadhaa ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Anayesoma Muhimbili huwa karibu na taasisi za kitaifa za moyo, za mifupa na ubongo, na za saratani, jambo ambalo ni faida kubwa kwa mwenye nia ya ubingwa.

Pamoja na hayo, ushauri unaotolewa hapa ni kwamba mwanafunzi wa Nansio asiye na ndugu wa kumpokea Dar es Salaam aiweke Bugando mbele. Wagonjwa atakaojifunzia hapo ni watu wa ziwa lilelile alilokulia, meli humrudisha nyumbani ndani ya saa chache anapofiwa au kuuguliwa, na gharama za maisha za mkoa uliohesabiwa watu milioni 3.7 hivi katika sensa ya 2022 hazijafikia zile za jiji la watu milioni 5.4. Muhimbili itabaki pale pale akihitaji kwenda kusomea ubingwa.

Suala la nyaraka lisiachwe hadi wiki ya mwisho. Mwombaji wa mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosimamia usajili wa vizazi na vifo, na yatima hutakiwa kuthibitisha vifo vya wazazi kwa vyeti vya namna hiyo hiyo. Ugumu unaojitokeza mara kwa mara visiwani ni kwamba mtoto alibatizwa kwa jina moja, akaandikishwa shule kwa jina lingine, na kizazi chake hakikusajiliwa mpaka alipokuwa mkubwa. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne inaweza kuchelewesha maombi yote. Marekebisho ya majina yaanze kidato cha tano. Aliyefaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika masomo ya sayansi achunguze pia ufadhili unaojulikana kama Samia Skolashipu, ulioanza mwaka 2022, ambao haurejeshwi kama mkopo.

Makazi, chakula na fedha

Chumba kinapaswa kuchaguliwa kwa kuzingatia zamu za usiku kabla ya kuangalia bei. Katika miaka miwili ya mwanzo mwanafunzi huingia darasani asubuhi kama wanafunzi wengine wote, lakini kuanzia mwaka wa tatu hutakiwa wodini alfajiri, na siku nyingine hutoka usiku wa manane, saa ambazo daladala haipatikani na bodaboda hupandisha nauli. Kodi ya Buhongwa, Igoma au Kisesa ni nafuu kuliko ya mitaa iliyo chini ya kilima cha Bugando, lakini nauli ya kila siku, muda unaopotea njiani na hatari ya kusafiri usiku, hasa kwa wanafunzi wa kike, hula unafuu wote huo. Bweni la chuo likipatikana ndilo bora kwa mwaka wa kwanza. Likikosekana, wanafunzi wawili wenye tabia zinazolingana washirikiane chumba kimoja cha karibu, au geto kama wenyewe wanavyokiita, wakikumbuka kwamba wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Aidha, katika nyumba zilizojengwa juu ya mawe, ambazo ndizo sura ya Mwanza, swali la kwanza la kumuuliza mwenye nyumba ni kama maji hupanda hadi pale, na kwa siku zipi.

Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi huiita bumu, hutolewa kwa awamu, na awamu inaweza kuchelewa. Kanuni inayofaa ni kuigawa siku ileile inapoingia: kwanza kodi, kisha fungu la chakula lililogawanywa kwa majuma yote ya awamu pamoja na majuma mawili ya ziada ya kungojea, na kinachobaki ndicho cha nguo, vocha na kutuma nyumbani. Jambo hili la mwisho lina uzito wake. Familia nyingi huhesabu kwamba aliyefika chuo kikuu amekwisha kupata, na mwanafunzi huona haya kusema hana, hivyo hutuma fedha ya chakula chake mwenyewe. Ni afadhali azungumze waziwazi na wazazi kabla ya kuondoka, mbele ya mjomba au shangazi anayeheshimika, kwamba fedha hiyo ni deni ambalo baadaye litakatwa katika mshahara wake kwa asilimia 15 kila mwezi.

Nyumbani nako kunaweza kumsaidia bila fedha taslimu. Debe la dagaa waliokaushwa vizuri, unga wa muhogo na michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, husafirishwa kwa meli bila kuharibika na hupunguza sana gharama ya mama ntilie. Kwa upande wa lishe, dagaa anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake humpa mlaji protini na madini ya chokaa kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia, na hakuna sababu ya mwanafunzi kukiona chakula cha kwao kuwa cha kuonea aibu mbele ya wenzake.

Masomo ya miaka mitano

Miaka miwili ya kwanza hutawaliwa na sayansi za msingi: anatomia, ambayo ni elimu ya maumbo ya mwili, fiziolojia, elimu ya namna viungo vinavyofanya kazi, na biokemia, elimu ya kemia ya uhai. Baada ya hapo hufuata elimu ya magonjwa, vimelea na dawa, kisha miaka ya wodini katika idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Kinachowaangusha wengi katika mwaka wa kwanza ni wingi wa mambo, kwa maana mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza shuleni kwa kusoma juma moja kabla ya mtihani hukuta kurasa ambazo haziwezi kusomwa kwa juma moja. Anayeshindwa somo hurudia mtihani wake, yaani hupata sapu, na anayeshindwa zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa huondolewa chuoni, jambo linaloitwa kudisko. Kinga yake ni kusoma kila siku kwa kiasi kidogo, kujijaribu kwa maswali ya mitihani iliyopita, na kuwa na kikundi cha majadiliano cha watu wanne au watano ambamo kila mmoja hupewa mada ya kuwafundisha wengine, kwa sababu anayefundisha hugundua mapema mahali asipoelewa.

Kiingereza cha vitabu vya kiada kama Guyton au Snell huwa kizito kwa aliyesoma shule ya kata, lakini uzito huo una mwisho. Istilahi nyingi za tiba zimeundwa kwa vipande vichache vya Kigiriki na Kilatini vinavyojirudia, na aliyekwisha kujua kwamba kipande kimoja humaanisha ini, kingine uvimbe na kingine kukata, huweza kulisoma neno jipya bila kulikariri. Daftari dogo la vipande hivyo, lililoandaliwa katika miezi ya kusubiri kuanza chuo, lina faida kuliko kujaribu kusoma kitabu kizima mapema.

Chumba cha anatomia, ambamo wanafunzi hujifunza juu ya mwili wa mtu aliyefariki, huwatikisa hata wale wasiokiri. Kwa aliyelelewa katika jamii ambamo maiti haiachwi peke yake usiku na huzikwa kwa utaratibu wa ukoo, mtikisiko huo ni dalili ya malezi mema, na hautakiwi kufunikwa kwa mizaha. Inatosha kuzungumza na mwalimu au kiongozi wa dini, kuutendea mwili ule kwa heshima kama ambavyo ndugu zake wangetaka, na kuupa moyo muda.

Kabla ya kuingia wodini kuna sharti lisiloahirishwa, nalo ni chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili. Chanjo hiyo hutolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo inatakiwa ianzwe mapema katika mwaka wa kwanza au wa pili. Vilevile, mwanafunzi anayechomwa na sindano iliyotumika anapaswa kutoa taarifa saa ileile, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zinapoanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hofu ya kukaripiwa imewafanya baadhi ya wanafunzi kunyamaza. Hakuna karipio linalostahili kulipiwa kwa maisha.

Asili ya visiwani kama nyenzo ya tiba

Kuchukua historia ya mgonjwa, yaani kumhoji kwa utaratibu juu ya dalili zake, kazi yake, makazi yake na magonjwa ya familia yake, ndiyo nusu ya utambuzi wa ugonjwa, na hapa ndipo mwanafunzi wa Nansio anapoingia na akiba kubwa kuliko anavyodhani. Mfano ulio wazi ni kichocho cha tumbo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayechota maji au anayevuta nyavu, kisha hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka mingi, huku mayai yake yakisababisha makovu ndani ya ini. Makovu hayo huzuia damu kupita, bandama huvimba, mishipa ya koo la chakula hutuna, na siku moja mtu aliyekuwa akijiona mzima hutapika damu. Mgonjwa wa namna hii ni wa kawaida Bugando, na mara nyingi ndugu zake wamekwisha kuamini kwamba amerogwa, kwa sababu damu nyingi iliyotoka ghafla kwa mtu asiyeumwa haina maelezo mengine kwao. Mwanafunzi aliyeogelea katika mwalo uleule, aliyemeza vidonge vya prazikwanteli shuleni na kukumbuka kizunguzungu chake, anaweza kuwaeleza ndugu hao safari ya kimelea kutoka majini hadi kwenye ini kwa maneno yatakayosadikika, na pia anajua kwamba kumwambia mvuvi asiingie majini ni kumwambia asile.

Mfano wa pili unahusu kalenda ya wavuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapong'aa wavuvi hupumzika, kwa sababu mwanga wa taa haumvuti tena samaki. Daktari asiyelijua jambo hili humpangia mvuvi mwenye kifua kikuu au anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU tarehe ya kurudi kliniki kwa kuhesabu majuma manne, kisha humwandika mtoro anapokosa kufika. Anayelijua huiweka tarehe hiyo karibu na mbalamwezi, na humuuliza mgonjwa kama anatarajia kuhamia kambi nyingine ili apewe barua ya uhamisho na dawa za kutosha.

Mfano wa tatu ni wa rufaa. Kwenye karatasi, mgonjwa hupanda kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa na hatimaye ya kanda; kwa mtu wa kisiwa cha Ukara, njia hiyo ina maji katikati. Mama aliyefika Bugando akiwa amechelewa huenda alingoja kivuko, upepo utulie, au mume arudi kutoka ziwani na fedha ya nauli, na swali la kwa nini hakuja mapema, likiulizwa kwa ukali, humfunga mdomo. Likiulizwa na anayeijua njia, hutoa taarifa inayoweza kubadili matibabu. Ndivyo ilivyo pia kwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ulioenea sana Kanda ya Ziwa, ambao utambuzi wake huanza kwa kuuliza kwa upole habari za watoto waliofariki wakiwa wadogo katika familia.

Lugha ni sehemu ya nyenzo hizi. Wazee wengi wanaolazwa Bugando hujieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, na mzungumzaji wa Kikerewe, Kijita au Kikara hana budi kujifunza angalau salamu na maneno ya maumivu. "Mwangaluka" ya asubuhi hufungua mazungumzo ambayo maswali kumi ya kitabuni hayafungui. Mkubwa hupewa shikamoo yake hata akiwa kitandani, naye mwanafunzi anapoitwa daktari kabla ya wakati, ajitambulishe kwa uaminifu kuwa ni mwanafunzi wa udaktari.

Yanayoulisha moyo, na matembezi ya ziwani

Mwanafunzi asiyekuwa na jambo jingine analolipenda huchoka haraka. Kwaya, mpira wa jioni na shughuli za Chama cha Wanafunzi wa Tiba Tanzania, TAMSA, zote zinafaa. Msomaji wa riwaya anashauriwa kukitafuta kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, alichokiandika kwanza kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945, kikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Habari za mume na mke wanaotafuta mtoto na mganga anayewatibu zimeelezwa humo kwa undani unaomfundisha daktari namna jamii yake ilivyouelewa ugumba kabla ya hospitali kufika, na kliniki ya uzazi ya leo bado inapokea wanandoa wenye maswali yaleyale.

Anayependa utafiti ana bahati ya kusoma katika mji wenye kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, kati ya 1991 na 1994, ulifanyika utafiti katika jamii 12 ulioonyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40, matokeo yaliyosomwa duniani kote. Utafiti wa baadaye wa Rakai, Uganda, uliotumia njia tofauti ya kuwatibu watu wote kwa pamoja, haukupata punguzo hilo. Kuzisoma tafiti hizi mbili sambamba ni somo zuri la kwa nini mazingira na mbinu huamua jibu.

Kuhusu safari za likizo, usalama utangulie haraka ya kufika. Msiba wa MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018, uliochukua maisha ya zaidi ya watu 200, uliacha funzo ambalo halihitaji kurudiwa: chombo kilichojaa kupita kiasi kiachwe kiende. Ipo pia njia ya barabara kupitia Bunda na kivuko cha Kisorya hadi Rugezi, ambayo ni ndefu lakini hufaa pepo zinapochafuka.

Mwaka wa utarajali

Baada ya miaka mitano hufuata mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya udaktari chini ya usimamizi katika hospitali iliyoidhinishwa, ambao ni sharti la kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayekusudia kufanya kazi visiwani asiuchukulie mwaka huu kama wa kungojea cheti. Katika idara ya uzazi aombe kusimamiwa katika upasuaji wa kumtoa mtoto mpaka mkono wake uzoee, katika idara ya watoto ajifunze kumpa damu mtoto mwenye malaria kali au selimundu, na kwa mabingwa waliomfundisha aombe ruhusa ya kuwapigia simu baadaye, saa yoyote, kwa kuwa mama mwenye uchungu uliokwama Nansio saa nane za usiku hana meli ya kumpeleka Mwanza kabla ya asubuhi, na daktari atakayekuwa zamu ndiye atakayemfanyia upasuaji.